Jioni Zangu

Jumatatu, 2 Juni

Nimechoka hoi. Ndivyo ninavyoanza karibu kila ukurasa siku hizi, basi na leo nianze hivyohivyo.

Simu, simu, simu. Bomba kuu limepasuka upande wa sokoni na mji mzima umenikumbuka. Wa kwanza kanitukana kabla sijamaliza kusema karibu kitengo cha malalamiko. Pole kwa usumbufu. Wa pili kalia. Pole kwa usumbufu. Wa tatu alikuwa na povu la sabuni kichwani, anapiga akiwa bafuni, macho yanamwasha! Huyo nilimwonea huruma ya kweli kabisa, lakini pole ilitoka ileile. Kampuni ya maji imetubandikia kadi mezani: pole kwanza, halafu jina, halafu namba ya mita. Sijaitazama ile kadi miaka. Imeshahamia kwenye ulimi.

Jioni mazoezi. Fundi cherehani akishafunga duka tunasukuma meza yake ya kukatia vitambaa hadi ukutani, na hapo ndipo jukwaa letu. Yeye ndiye mwelekezi. Wengine ni watu wa kazi zao tu: muuza nyama, mwalimu wa chekechea, karani wa posta, na mimi. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nimepewa mjane. Mhusika mkuu! Yule anayewafukuza wakwe waliokuja kumnyang'anya nyumba. Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi wa shule.

Nilifika nimechoka, nikatoka nimechoka, lakini ni uchovu mwingine. Sijui nieleze vipi. Kazini najibu siku nzima. Kule ndiko mahali pekee ninaposema.

Nyumbani, mwenzangu kanipakulia chakula kilichopoa bila maneno. Bila maneno ndiyo mbaya.

Jumatano, 4 Juni

Fundi kanisimamisha katikati ya sehemu ya pili ya mchezo. Muuza nyama, anayeigiza shemeji mlafi, alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha marehemu. Mimi natakiwa nimwinue na nimtoe nje na ukoo wake wote. Nikasema maneno yangu yote, sikukosea hata moja. Fundi kavua miwani, kaifuta na kipande cha bitana. Kasema maneno nimeyajua, lakini nawafukuza wakwe kama nawaomba radhi. Kila mstari una pole ndani yake. Kwamba hata yeye, angekuwa mkwe, angekaa angoje chai.

Wakacheka. Nami nikacheka. Aliyevuliwa nguo huchutama.

Ila iliniuma. Njia nzima narudi nikijaribu kusema "tokeni" kwa sauti ya chini. Haikutoka hata mara moja. Dereva wa teksi aliyeegesha kwenye kona kashusha kioo kaniuliza naenda wapi.

Alhamisi, 5 Juni

Bwana Takwimu, msimamizi wetu, kaniita ofisini. Tunamwita hivyo kwa sababu hata salamu anaitoa na asilimia. Kumbe kheri! Kiongozi wa zamu ya jioni anahama. Nafasi ni yangu nikiitaka. Mshahara unapanda, si haba. Kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi.

Yaani jioni zangu zote.

Na zamu ya kwanza ni Jumamosi ya wiki ijayo. Jumamosi hiyohiyo! Nikamwambia nifikirie. Kashangaa. Kasema watu tisa kati ya kumi wangekubali wakiwa bado wamesimama. Nikagundua kweli nilikuwa bado nimesimama. Kanipa hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

Nyumbani nikasema kwa mwenzangu. Kafurahi mpaka kaacha bisibisi. Kazi zake za kutengeneza majokofu zimekuwa za kubahatisha, na goti la mama yake linataka mazoezi ya hospitali kila wiki, na hayo si bure. Kasema Mungu huyu hasahau. Nikasema na onyesho je? Kanitazama kama ninayeongea nikiwa usingizini. Mshika mawili, kasema, moja humponyoka.

Mawili! Mimi nimeshika matano.

Jumamosi, 7 Juni

Sijui niandike nini kwanza.

Asubuhi nilifua. Mlima wa mashuka. Mwenzangu kaenda kwa mteja, binti yangu kaenda kusoma kwa rafiki yake, Mama alikuwa chumbani kwake amelaza goti. Mama ni mama mkwe, lakini tangu alipopasuliwa goti na kuhamia kwetu namwita Mama tu, na yeye huniita mwanangu akiwa na raha na "mke wa mwanangu" akiwa hana.

Nikaona hapa pako kimya, nifanye mistari yangu. Nikaanza polepole. Kisha nikawa napiga shuka kwenye beseni, neno moja, pigo moja. Na ikaja! Ile sauti ambayo Fundi anaitafuta, ikaja yenyewe, kutoka tumboni:

"Mmekula msiba, mmeshiba! Sasa basi! Nyumba hii imenila mgongo. Aliyekuja na begi, aondoke na begi! Leo! Kabla jua halijazama!"

Nilirudia mara nyingi. Nilikuwa na raha, wallahi. Jasho, povu, raha. Nikaanika, nikaingia ndani naimba.

Chumba cha Mama kitupu. Kitanda kimetandikwa vizuri mno, kama cha hotelini. Begi halipo. Fimbo haipo.

Dirisha la chumba chake linatazama uani.

Ee Mungu wangu.

Nilikimbia hadi kituo cha teksi na mikono ina povu. Wakasema bibi mmoja wa fimbo kaondoka kitambo, alikuwa hasemi. Ndipo simu ikalia. Wifi. Sauti yake tulivu, na wifi akiwa mtulivu ujue mvua inakuja. Kasema Mama yuko kwake, amefika salama, hakusindikizwa na mtu, na kwamba kesho ukoo utakaa kuzungumza.

Nikasema wifi yangu, pole, ni mchezo! Kasema ndiyo, hata Mama ameona kwamba kwangu amekuwa mchezo.

Jumapili, 8 Juni

Kikao. Kwa wifi, sebuleni, makochi yamevuliwa vitambaa kama kuna msiba. Mwenzangu, wifi na mumewe, Mama kwenye kiti kirefu, goti juu ya mto. Mimi kwenye kigoda. Hakuna aliyeniambia nikae pale, miguu ilijua yenyewe.

Nikatoa karatasi za mchezo. Nikamwonyesha wifi mstari kwa mstari. Kasoma wote, midomo inacheza. Kisha kauliza hivi ni lazima niigize ya kuwafukuza wakwe? Hakuna michezo ya kuwapenda wakwe? Mwenzangu akacheka. Alicheka peke yake, akamalizia na kikohozi.

Mama hakucheka. Kazitazama karatasi kwa mbali. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, maana yamenikaa kifuani:

"Maneno ya karatasini nimeyaona. Lakini ile sauti niliyoisikia mimi haikuwa ya karatasi."

Mwenzangu kaamua kumaliza: michezo ipumzike, Ijumaa nikubali zamu, Mama arudi nyumbani, tusitupiane vumbi. Wifi kasema amina. Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka sana, kama ninavyosema kazini.

Sasa niko peke yangu, naweza kuandika. Hasira ya uani ilikuwa ya kweli. Haikuwa yake Mama. Ilikuwa ya bomba la sokoni, na ya chakula kilichopoa, na ya Bwana Takwimu, na ya kila mtu anayeniita nikiwa nimekaa. Lakini nikisema haikuwamo hata chembe yake Mama nitakuwa nasema uongo ndani ya daftari langu mwenyewe. Kumwogesha, kumvika soksi, kumsikiliza akisema chumvi haijakolea. Nampenda yule mama. Na nimechoka naye. Yote mawili yako humu, na sikujua mpaka jana nilipoyasikia yakitoka.

Na lililo baya zaidi: ilikuwa nzuri! Ile sauti ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 9 Juni

Mama karudi. Kwa wifi kuna ngazi. Kaniita "mke wa mwanangu" mara tatu kabla ya chai.

Simu: nyingi. Mazoezi: sikwenda. Nililala na viatu.

Jumatano, 11 Juni

Leo nilikuwa niende kwa Fundi kurudisha karatasi na kusema basi. Nilishajipanga na maneno. Mama kanikuta navaa, kauliza wapi. Nikasema naenda kuaga. Kasema anakuja.

Nikasema Mama, goti. Kasema goti ni lake. Anataka kuwaona kwa macho hao wakwe wa uongo waliomfukuzisha nyumbani kwa mwanawe.

Tukaenda kwa teksi. Fundi kampokea kwa adabu zote, shikamoo, karibu, kampangusia kiti. Muuza nyama kavua kofia. Kisha nikamvuta Fundi pembeni nikamwambia naacha. Alikaa tu kwenye mashine yake, akawa anazungusha gurudumu bila uzi. Mwishowe kasema mwalimu wa chekechea atashika nafasi, lakini leo bado hajafika, na wenzangu wamekuja kufanya mazoezi. Nisimame tu, mara ya mwisho, wasipoteze jioni.

Nikasimama. Muuza nyama akakaa kwenye kiti cha marehemu. Nikasema mistari yangu, huku namwona Mama kwa pembe ya jicho. Wallahi nilisema vibaya kuliko siku zote. Nilifika kwenye "aliyekuja na begi" nikaishusha sauti mpaka karani wa posta akasogea mbele asikie.

"Siyo hivyo."

Tukageuka wote. Mama.

"Siyo hivyo hata kidogo. Mimi nilitoka na begi na goti hili, sikuaga mtu. Kwa maneno haya ya leo nisingeinuka hata kitini."

Fundi kavaa miwani. Kamuuliza, kwa heshima, siku ile nilisemaje.

"Alisema kama mtu aliyechoka," Mama kasema. "Hakuwa na ukali. Mkali unamjibu. Aliyechoka huwezi kumjibu, unaondoka."

Kisha kainuka. Fimbo, goti, polepole. Kamwondoa muuza nyama kwenye kiti kwa ncha ya fimbo, kakaa yeye. Mguu kaunyoosha mbele. Kasema haya, niambie mimi.

Nikasema Mama siwezi. Kasema ulishaweza, tena nilikuwa sijavaa hata viatu.

Nilimtazama. Mama yangu huyu mwenye nywele nilizosuka mwenyewe Jumanne. Nikaanza, nikasimama. Nikaanza tena. Nikalia kidogo, nikiri. Yeye hakupepesa. Akaniambia kwa sauti ya chumvi haijakolea: "Mimi sitoki hapa. Nyumba ni ya mwanangu." Mstari wa shemeji! Aliusoma lini?

Na ikaja. Sikupiga kelele. Nilisema yote, mpaka begi, mpaka jua kuzama. Nilipomaliza, mashine ya Fundi ndiyo iliyosikika ikizunguka, kisha nayo ikasimama.

Mama kashika fimbo, kainuka.

"Hapo sawa," kasema. "Hapo naondoka."

Muuza nyama kapiga makofi peke yake, mikono mizito ile. Karatasi sikurudisha. Hakuna aliyeniuliza.

Kwenye teksi nilitaka kumwambia Mama kitu. Kwamba ni kweli, huwa nachoka naye. Kabla sijafungua mdomo kasema anajua. Kasema na yeye alimuuguza mkwe wake, muda mrefu kuliko huu, ila hakuwa na ua wa kupigia mashuka, alikuwa anapigia ndani kwa ndani. Kisha kalala, kichwa kwenye bega langu. Au kajifanya kalala.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesinzia kazini katikati ya namba ya mita. Mteja kaniamsha! Mzee mmoja mstaarabu, kasema mama, upo? Nikasema nipo. Kasema pole. Yeye ndiye kaniambia mimi pole.

Mwenzangu hajui habari za jana. Mama kaniambia tusimwambie kwanza, wanaume wapewe habari kidogokidogo kama dawa ya watoto. Kwa hiyo yeye anapiga hesabu za mshahara mpya kwa sauti, Mama anakula, mimi nakula. Nimeona jinsi shati lake lilivyopauka kwenye mabega. Si mtu mbaya. Kachoka na yeye, ila yeye uchovu wake hana pa kuupeleka. Nikamwonea huruma, nikamwongezea mchuzi, nikajichukia kwa siri niliyonayo.

Nikikubali zamu, goti la Mama litapata matibabu, na mwenzangu atalala. Nikikataa, nitakuwa nimewanyima kwa sababu ya nini? Ya kusimama kwenye duka la cherehani na kusema maneno ya mtu mwingine? Nikiandika hivyo linaonekana jambo la kijinga. Lakini jana nilipotoka pale nilitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Hakuna anayeniuliza ninataka nini. Nami sijamwambia mtu.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya jibu. Bwana Takwimu kapita mezani kwangu asubuhi, nilikuwa na simu. Kapita mchana, nilikuwa na simu. Jioni nilimwona anakuja nikaingia chooni, nikakaa mle mpaka taa ya korido ikazimwa. Mwanamke mzima! Mama wa binti wa kidato cha tatu, najificha chooni kwa sababu ya kupandishwa cheo!

Mwenzangu kauliza umemwambia? Nikasema hatukuonana. Ni kweli. Kwa namna yake.

Kasema basi atakupigia kesho. Sema ndiyo, mama. Tafadhali. Alisema tafadhali, na huwa hasemi.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi. Onyesho ni leo jioni. Zamu ni leo saa nane. Gauni la mjane Fundi kalileta mwenyewe, kalipunguza kiunoni, linaning'inia mlangoni. Mwenzangu kaenda kwa mteja mapema. Kaliona gauni, hakuuliza, kalisogeza tu kando ili apite.

Nimekaa mezani na daftari kwa sababu sijui nikae wapi kwingine.

Simu yangu inachajiwa chumbani kwa Mama, ndiko soketi inakofanya kazi. Sasa hivi imelia. Nimeganda. Mama kapokea!

Naandika ninavyosikia. Kasema haloo. Kasema yeye haelewi asilimia, aongee kawaida. Kanyamaza. Kasema hapana, hajaenda popote, yupo, lakini ana shughuli. Kanyamaza tena. Bila shaka Bwana Takwimu kamuuliza yeye ni nani, maana Mama kajibu: mama yake. Kisha: la, si mkwe. Mama yake. Umesikia?

Nimelazimika kuacha kalamu kidogo.

Nimerudi. Mama anazungumza taratibu, kama anamsimulia mtoto. Anamwambia habari za goti, kwamba goti ni la kwake na hataki liwekwe kwenye maneno ya mtu, lilikuwepo kabla ya kampuni ya maji. Anamuuliza kwao hakuna mtu mwingine anayejua kuomba radhi mpaka saa nne usiku. Mungu wangu. Anamwalika ukumbi wa shule! Anamwambia kiingilio hakuna, aje na mkewe.

Fimbo. Anakuja.

Yuko mlangoni, kando ya gauni, kafunika simu kwa kiganja. Anasema bwana huyu anataka kunisikia mwenyewe, ndiyo au hapana, sasa hivi. Nimemuuliza Mama nimwambie nini. Kasema hilo si lake. Kwamba nikisema ndiyo, leo atanisindikiza mwenyewe hadi kituo cha teksi, na nikisema hapana, atazungumza na mwanawe yeye. "Sema unalotaka, mwanangu. Ila usianze na pole."

Kaiweka simu hapa, juu ya meza, karibu na mkono wangu. Nasikia Bwana Takwimu anasema haloo, haloo. Kazini mtu akingoja tunampigia muziki. Huyu anasikia kuku wa jirani na kalamu yangu.

Haloo, anasema.

Sijawahi kumngojesha mtu kwenye simu kwa makusudi, hata aliyenitukania mama. Na leo nimeandika mistari yote hii, na yeye bado yupo kwenye laini, na sasa naweka kalamu chini, nashika simu, na neno langu la kwanza si pole.